Mwanafunzi na Haki ya Kuchoka

Kuchoka si aibu wala si ajabu. Mkulima huchoka, mvuvi huchoka, mama mwenye kulea huchoka, na kila mmoja wao akilala usiku huamka na sehemu ya nguvu zake imerejea. Uchovu wa namna hii ni ndugu wa kazi kama jasho lilivyo. Walakini uko uchovu mwingine usiotibiwa na usingizi. Mtu huamka nao kama alivyolala nao. Kitabu alichokipenda mwaka jana hukitazama leo kama mtu anavyomtazama mdai mlangoni. Halalamiki kwamba kazi ni ngumu. Hulalamika kwamba kazi haina maana, na siku zikipita, kwamba yeye mwenyewe hana maana ndani ya kazi hiyo. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuikaribia hali hii, kama kunyong'onyea, kuvunjika moyo na kuishiwa, na labda kilicho karibu zaidi ni kuchakaa. Nguo haichakai kwa siku moja, wala haichakai ikiwa sandukuni; huchakaa kwa kuvaliwa na kufuliwa bila kupumzishwa. Mfano huu una kasoro moja, nayo ni kwamba nguo iliyochakaa hairudi kuwa mpya, ilhali mtu aweza kupata nafuu.

Wataalamu wa saikolojia walichelewa kuipa hali hii jina. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika juu ya watu waliofanya kazi pamoja naye, ambao walianza kwa shauku na baada ya muda wakabaki kama nyumba iliyoungua ndani, kuta zimesimama na vyumba vitupu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba waliopatwa hawakuwa wavivu. Walikuwa ndio wenye bidii, waliojitoa kuliko wenzao. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo chenye sehemu tatu: kuishiwa na nguvu za moyo, kuwa baridi kwa watu na kazi, na kujiona mtu asiyeweza tena kutimiza lolote. Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli na wenzake walichapa kipimo kilichogeuzwa kiwafae wanafunzi, wakiwa wamekijaribu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uhispania, Ureno na Uholanzi. Kisha Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, likaandika kwamba hali hii si ugonjwa bali ni jambo litokanalo na kazi ya ajira, na kwamba jina lake lisitumiwe kwa nyanja nyingine za maisha. Kwa tamko hilo karani aweza kuchakaa na mwalimu aweza kuchakaa, lakini mwanafunzi wa mwalimu huyo, kwa kuwa halipwi mshahara, hana jina rasmi la kinachomsibu.

Pengine haidhuru sana orodha za Geneva zinasema nini. Linalodhuru ni kwamba mwanafunzi mwenyewe hujinyima jina hilo. Akiulizwa, husema kwamba amekuwa mvivu, au amepungukiwa na imani, au shetani amemwingia. Lolote atalisema isipokuwa kwamba amechoka, kwa sababu mahali fulani moyoni mwake pameandikwa kwamba mtu kama yeye hana ruhusa ya kuchoka. Basi swali la saikolojia hapa limeshikana na swali la maadili, na halifumbuki mpaka lile la pili lifumbuke: je, mtu aliyelishwa na wengi ili asome ana haki ya kuchoka? Swali hili lina mahali pake pa kuzaliwa, na kwa Tanzania mahali hapo ni karibu sana na maji ya Kivukoni.

Kata ya Kivukoni ni kipande kidogo cha Dar es Salaam, baina ya bandari na bahari kuu, lakini kimebeba mengi: Ikulu ya Magogoni, Makumbusho ya Taifa, Ukumbi wa Karimjee, soko la samaki la Feri, na kivuko kilichoipa jina. Katika Mtaa wa Shaaban Robert kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972. Ng'ambo ya maji, Kigamboni, kipo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichotokana na Chuo cha Kivukoni ambacho TANU ilikifungua mwaka 1961 kwa ajili ya elimu ya watu wazima. Hivyo pantoni huvusha wanafunzi kwa pande zote mbili. Husimama katikati ya ndoo za samaki, pikipiki, watumishi wa serikali na wachuuzi wa karanga, mkoba mgongoni na karatasi mkononi, midomo ikitembea kimya kimya. Wanasoma. Maji ni mazuri asubuhi, na aghalabu hawayatazami.

Mtu wa Feri akiambiwa kwamba kijana huyu amechakaa, ana haki ya kucheka. Mama anayenunua samaki mnadani huamka kabla ya alfajiri, husimama katika maji ya chumvi na magamba, hugombana na madalali, hukaanga juu ya moto mkali hadi mchana, na jua likichwa bado nyumba inamngoja. Aweza kumwambia mwanafunzi bila ubaya wowote, "Mwanangu, umekaa kitini tangu asubuhi, kivulini, umechoka nini?" Swali lake ni la haki na lisijibiwe kwa dharau. Ukitumia mizani ya viungo, mama huyu amefanya kazi mara tatu ya kijana. Tena yeye hana bodi ya kumkopesha wala likizo ya kumwita nyumbani, na siku akiugua hakuna anayemwandikia cheti.

Jibu ni kwamba mizani ya viungo haipimi jambo hili. Samaki wana mwisho. Hununuliwa, huuzwa, au huoza, na kabla ya usiku mama amejua siku yake ilikuwaje. Akipata hasara, ameipata leo, na kesho ni mnada mwingine. Kazi ya mwanafunzi haina magharibi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu kimoja huelekeza kwenye vitabu vitano vingine, na hakuna saa ambayo aweza kusema kwa kweli kwamba amemaliza. Alama za alichokifanya leo zitajulikana baada ya miezi, na katika miezi hiyo moyo hukaa kizimbani ukingoja hukumu. Fauka ya hayo, mama wa Feri akikosa wateja husema kwamba biashara ni mbaya. Mwanafunzi akikosa alama husema kwamba yeye ni mbaya. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mama huyo anauza samaki. Kijana yule anadhani anajiuza mwenyewe.

Kwa nini adhani hivyo? Sababu moja iko katika namna alivyofika. Aliyeingia chuo kikuu kutoka shule ya kijijini alikuwa wa kwanza darasani tangu alipojua kuandika jina lake. Kuwa wa kwanza halikuwa jambo alilolifanya, lilikuwa ndilo jina lake. Wazazi, walimu na majirani walimjua kwa hilo. Chuoni hukuta ukumbi uliojaa watu ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na kwa hesabu isiyoweza kubishwa wengi wao sasa lazima wawe wa katikati. Kwa kijana mwenye mambo mengine ya kujivunia hili ni somo la unyenyekevu. Kwa yule ambaye thamani yake yote ilitundikwa kwenye msumari mmoja, msumari ukilegea kila kitu huanguka.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huanza sekondari kwa Kiingereza, na chuo kikuu humalizia kilichoanzwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari na chuo kikuu, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hapa si mahali pa kuurudia ubishi huo wote. Yatosha kuona unavyofanya kazi katika nafsi ya mtu. Mwanafunzi husoma kila ukurasa mara mbili, mara ya kwanza kutafuta maneno yanasema nini na mara ya pili kutafuta hoja inasema nini. Katika semina ana fikra nzuri lakini hana sentensi ya kuibeba, hunyamaza, na mwenzake mwenye fikra ndogo na Kiingereza chepesi husifiwa. Baada ya mwaka mmoja wa kunyamaza mtu huanza kuamini kwamba hana la kusema. Uchovu wake ni wa kazi mbili na ujira wake ni wa kazi moja, wala hajui kwamba alifanya mbili.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko hizi ni deni, na ili kulielewa deni hilo yafaa kurudi Karimjee. Mwaka 1964, akihutubia Bunge juu ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao haujasahaulika hadi leo. Aliyepata elimu ya juu, alisema, ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Akikila chakula kile asilete kitu, huyo ni msaliti. Mfano ulikuwa wa kweli kwa wakati wake. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilikuwa kimeanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Nchi nzima ililima ili hao wachache wasome. Na ulikuwa mfano wa haki, kwa kuwa ulilenga kiburi cha wasomi, na kiburi hicho kilikuwapo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa katika majoho hadi Ikulu, hapo hapo Kivukoni, kupinga sheria iliyowataka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kwa muda wa miezi kumi na minane wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi wapatao 400 wakarudishwa makwao.

Mabishano ya 1966 yalikuwa juu ya mshahara wa mtu aliye na hakika ya kazi. Hilo lisisahaulike. Mhitimu wa miaka ile alikuwa akingojewa na ofisi, na aliyeambiwa alipe deni alikuwa na cha kulipia. Tangu wakati huo mambo mawili yamebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuwataka wanafunzi na wazazi wachangie gharama za elimu ya juu, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka 2016 mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Deni la kijiji, lililokuwa la maadili, likaongezewa deni la fedha lenye hati na sahihi. Jambo la pili ni kwamba vyuo vimeongezeka na wahitimu wameongezeka kuliko ofisi zinazowangoja. Kwa maneno mengine, deni limekuwa mara mbili, na njia ya kulilipa imekuwa nyembamba. Mfano wa kijiji chenye njaa bado unahubiriwa kwenye harusi na kwenye karamu za kumwaga mwanafunzi, lakini hakuna anayemwambia kijana kwamba huko mbali anakotumwa huenda maghala yamefungwa.

Ni kweli pia kwamba deni la nyumbani halina hati na kwa hiyo halina mwisho. Bodi ya Mikopo angalau huandika jumla. Shangazi aliyeuza mbuzi, baba mdogo aliyelipa nauli, kaka aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee, hawa hawakuandika kitu, wala hawatadai. Na kwa kuwa hawadai, mdaiwa hajui lini atakuwa amelipa. Fedha za kujikimu kutoka Bodi, ambazo wanafunzi huziita bumu, zikiingia, wapo wanaotuma sehemu yake nyumbani kabla hawajanunua chakula. Hakuna aliyewalazimisha. Hapo mtu aweza kuwasifu, na sifa hiyo wanaistahili, lakini aangalie pia kwamba mwenye kujinyima chakula ili alipe deni ambalo hakuna aliyelidai ameanza safari ya kuchakaa.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wameeleza tofauti inayofaa hapa. Mtu aweza kufanya kazi kwa kuwa anaipenda au anaiona ina thamani. Aweza pia kuifanya kwa kuwa akiiacha atajiona mwovu. Kwa macho ya nje watu hawa wawili hufanana. Wote wanakesha, wote wanafika mapema maktabani. Ndani, wa kwanza anasukumwa na hamu na wa pili anasukumwa na hatia. Hatia hufanya kazi, isidharauliwe. Imewafikisha wengi kwenye mahafali. Lakini ina tabia moja mbaya, nayo ni kwamba haikubali mapumziko. Mwenye hamu akifunga kitabu amepumzika. Mwenye hatia akifunga kitabu ameiba: ameiba saa ya shangazi, ameiba mbuzi. Hulala, lakini hulala kama mwizi anavyolala, sikio likiwa wazi. Ndiyo maana usingizi haumtibu. Mwili umelala, deni liko macho.

Yasikilizwe maneno ya wanafunzi wenyewe. Kusoma kwa bidii wanakuita kupiga msuli, kana kwamba elimu ni gunia. Karatasi za mihadhara zinazorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka wanaziita madesa, na yuko mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza kwa kusoma vitabu na kumaliza wa tatu kwa kusoma madesa peke yake. Watu wazima huliona jambo hili kuwa ujanja au uvivu, na mara nyingine ndivyo lilivyo. Mara nyingi zaidi ni ule ubaridi ambao Maslach aliutaja: moyo uliopungukiwa huanza kubana matumizi, huondoa mapenzi kwanza kwa kuwa mapenzi ni ghali, na hubakiza kile kidogo kinachotosha kupita mtihani. Kijana anayesema "nataka cheti tu" huenda ndiye aliyekuja akitaka kila kitu.

Kisha iko simu ya Jumapili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo yanaendeleaje?" "Sijambo, mama. Yanaendelea vizuri." Hakuna uongo uliosemwa kwa mapenzi makubwa kuliko huu, na hakuna neno linalofunga mlango kwa nguvu kama hilo vizuri. Mama hana njia ya kujua. Mtoto anamwepusha na mzigo, na kwa kumwepusha anajinyima mtu wa pekee ambaye pengine angemwambia apumzike. Wazazi wengi, lau wangeulizwa, wangechagua mtoto mzima mwenye alama za kati kuliko mtoto aliyevunjika mwenye alama za juu. Hawaulizwi.

Kutoka Mtaa wa Lumumba, kilipoanzia chuo kile cha 1961, hadi sokoni Kariakoo ni mwendo mfupi sana, na jina la Kariakoo lina la kufundisha katika jambo hili. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo katika vita ile ambayo haikuwa yao, wakafa wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Lakini kabla yao walikuwapo wapagazi wengine. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya kumi na tisa walibeba mizigo mizito pia, yapata frasila mbili kwa mtu, kwa miezi. Hao walikuwa watu wa fahari. Walijua uzito wa mzigo kabla ya kuuinua na waliweza kuukataa ukizidi, walijua kituo cha leo kiko wapi, walipatana ujira, na msafara ukiwaonea waliugomea au waliuacha njiani. Tofauti ya wapagazi hawa na wale wa vita haikuwa katika uzito wa mzigo peke yake. Ilikuwa katika kujua na kutokujua, katika kuwa na neno na kutokuwa nalo.

Tofauti hii yaeleza kwa nini wazee waliosoma kwa taabu zaidi, wakitembea maili nyingi kwa miguu na kusomea mwanga wa kibatari, wasichakae kama wajukuu wao. Taabu yao ilikuwa na vituo. Darasa la nne lilikuwa kituo, la nane lilikuwa kituo, na mwenye kuishia hapo alishusha mzigo kwa heshima akawa karani au mwalimu. Mwanafunzi wa leo anahimizwa kwa nyimbo za Wanyamwezi, nyimbo za ushujaa na subira, lakini mzigo wake umefungwa kama wa Kariakoo: hakuambiwa uzito, hakuonyeshwa kituo, na neno lake juu ya masomo aliyopangiwa ni dogo. Humhimiza mtu wa namna hiyo kuwa mvumilivu ni kumwongezea mzigo mwingine, mzigo wa kuona haya kwa kuwa wa kwanza umemshinda.

Na sasa mfano wa Karimjee waweza kutazamwa upya, kwa heshima inayostahili. Ndani yake mna watu wawili tu, anayerudi na msaada na asiyerudi, na yule asiyerudi ameitwa msaliti. Lakini njia ndefu ina mtu wa tatu, naye ni aliyeanguka. Alikula chakula, kweli. Akaondoka kwa nia njema, kweli. Nguvu zikamwisha katikati ya pori. Mfano haukumpa jina. Hapana shaka Mwalimu hakumkusudia; alikuwa akisema na wenye kiburi, si na wenye kuzimia. Walakini maneno yakishatoka kinywani huwafikia wasiokusudiwa, na kijana aliyezimia akijitafuta ndani ya mfano ule hujiona katika nafasi moja tu iliyobaki. Hujiita msaliti. Hili ndilo kosa la maadili lililo ndani ya maradhi haya ya moyo: kumhukumu aliyeanguka kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya aliyetoroka.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni rahisi: chakula kile kihesabiwe kuwa amana badala ya deni. Mwenye deni hulipa hata akijiuza. Mwenye amana hapaswi kuiharibu, na mwili na akili ya aliyetumwa ni sehemu ya amana ya kijiji. Kwa hoja hiyo kupumzika ni uaminifu. Hoja ni nzuri na yafaa kufundishwa, kwa kuwa humpa kijana ruhusa katika lugha anayoiheshimu. Lakini haifiki mwisho wa njia. Humruhusu apumzike ili baadaye abebe zaidi. Je, yule ambaye hatabeba tena, aliyeacha masomo kabisa akarudi kwao mikono mitupu? Akiwa amana, ni amana iliyopotea. Akiwa mtu, hakupotea kitu. Wanakijiji wenye njaa waliompa chakula mtoto wao hawakumpa kwa sababu ya ghala la mbali peke yake. Walimpa pia kwa sababu alikuwa mtoto wao, na mtoto hulishwa hata pasipo safari. Sehemu hii ya pili ya zawadi haikuwa mkopo tangu mwanzo, na haiwezekani kulipwa, na anayejaribu kuilipa huwavunjia heshima waliompa.

Haki ya kuchoka, basi, haitoki katika kazi aliyoifanya mtu wala katika kazi atakayoifanya. Lakini haki isiyo na mahali pa kutumika ni maneno matupu. Vyuo huruhusu mtu kuahirisha masomo kwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari, na daktari akitazama orodha yake huona kwamba kuchakaa si ugonjwa. Aweza kuandika sonona, na sonona ikiwapo aiandike bila kusita, maana hiyo ni maradhi kamili yanayohitaji tiba, na anayefikia kuwaza kwamba afadhali asiwepo asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja. Lakini kwa nini mtu angoje mpaka augue ndipo aruhusiwe kukaa chini? Wapagazi wa Unyamwezi hawakungoja mtu azimie ndipo watue mizigo. Kutua kulikuwa sehemu ya safari, na kulipangwa kabla ya kuondoka.

Wale wanafunzi waliorudishwa makwao Oktoba 1966 waliondoka Dar es Salaam wakiwa wamefukuzwa, na wengine hawakujua kama wangeyaona tena madarasa. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka 1967. Wakamaliza masomo, wakaajiriwa, na baadhi wakaja kushika nyadhifa kubwa katika nchi ile ile na chini ya Rais yule yule aliyewafukuza. Miezi ile ya katikati waliitumia vijijini mwao. Hawakuwa wanafunzi wala wahitimu, hawakuwa wamerudi na kitu, na watu wa nyumbani waliwapakulia chakula kama kawaida.